Nyumbani si tawi la shule: mtoto ajifunze nini baada ya kengele ya mwisho

Siku ya Jumamosi katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, si ajabu kumkuta mtoto wa darasa la tano amekaa nyuma ya meza ya mama yake akipima dagaa. Tuseme sado moja, lile kopo la kupimia, inauzwa shilingi 6,000. Mteja anataka sado tatu na anatoa noti mbili za elfu kumi. Kabla mama hajamaliza kufunga mfuko, mtoto amekwisha kunyoosha mkono wenye chenji ya shilingi 2,000. Jumatatu mwalimu anaandika ubaoni 20,000 − (6,000 × 3), na mtoto yuleyule anayatazama mabano hayo kana kwamba ni maandishi ya nchi nyingine, kisha anajaza jibu lolote ili daftari lisibaki tupu.

Hali hii iliwahi kuchunguzwa mbali na huku kwetu. Mwaka 1985 watafiti Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha uchunguzi walioufanya kwa watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa mitaani katika mji wa Recife, nchini Brazil. Watafiti walijifanya wateja, wakauliza bei na chenji, na watoto wakapatia takriban asilimia 98 ya maswali. Baadaye watoto walewale walipewa hesabu za namna ileile zikiwa zimeandikwa kama za shuleni, bila bidhaa wala mteja, wakapatia takriban asilimia 37 tu. Hesabu za mafumbo, zile zenye maelezo ya maneno, ziliangukia katikati kwa takriban asilimia 74. Watoto watano ni wachache, na mtu asijenge sera ya taifa juu yao. Lakini mwalimu yeyote aliyefundisha karibu na mwalo, pale mitumbwi inaposhusha samaki, atakuambia kwamba anawafahamu watoto wa namna hiyo kwa majina.

Nimeanza na habari hii kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu kumsaidia mtoto kujifunza nyumbani huanzia mahali pasipofaa. Mzazi huuliza anunue kitabu gani cha mazoezi, au amlipe nani aje kumfundisha mtoto jioni, kana kwamba kinachopungua ni shule na dawa yake ni kuongeza shule. Mtoto wa Kirumba ana hesabu mbili kichwani, moja ya meza ya dagaa na moja ya ubaoni, na hakuna aliyemwonyesha kwamba ni hesabu moja. Mwalimu hawezi kumwonyesha kwa urahisi, kwa kuwa hayupo mezani siku ya Jumamosi. Mama yake yupo.

Kabla ya kwenda mbele ni vyema kutenganisha mambo matatu ambayo huchanganywa. Kuna kazi za nyumbani, yaani zoezi alilolitoa mwalimu ili likafanyiwe nje ya darasa. Hilo ni la shule, na wajibu wa mzazi ni kuhakikisha kuna meza, mwanga na muda, wala si kulifanya kwa niaba ya mtoto. Kuna tuisheni, ambayo ni somo la kulipiwa, mara nyingi likirudia yaleyale ya darasani kwa sauti kubwa zaidi. Na kuna kujifunza nyumbani, ambako ndiko makala haya yanakolenga: shughuli zinazotokana na maisha ya nyumba yenyewe, zinazofanywa na watu wa nyumba hiyo, na ambazo mtoto hazipati kwingine. Hiyo ya tatu haiwezi kuchukua nafasi ya shule, kwani Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mtoto aliyefikia umri aandikishwe na ahudhurie. Inaingia pale ambapo darasa, kwa jinsi lilivyo, haliwezi kufika.

Darasa haliwezi kufika wapi? Piga hesabu rahisi. Kiwango kilichowekwa kwa shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini mzazi aliyewahi kuchungulia dirishani katika shule nyingi za mjini Mwanza amewaona watoto wawili kwa kila mmoja wa hao. Chukua darasa la watoto 90 na kipindi cha dakika 30. Hata mwalimu asipovuta pumzi, asifute ubao na asimkanye mtu, kila mtoto anapata sekunde 20 zake peke yake. Mzazi au kaka mkubwa akikaa na mtoto kwa dakika kumi jioni, amempa muda wa uso kwa uso sawa na vipindi 30 vya darasa hilo. Huo ndio utajiri wa nyumba, hata nyumba ya chumba kimoja pale Mabatini ambayo haina kitabu. Ndiyo maana inasikitisha kuona dakika hizo zikitumika kumkalisha mtoto peke yake anakili kurasa tatu za kitabu huku mzazi akiwa kwenye simu.

Kusoma ndiko kunakostahili dakika hizo kwanza. Tangu mwaka 2015 madarasa ya kwanza na ya pili yamekuwa yakilenga stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu, ambazo kila mzazi sasa anazijua kwa jina la KKK. Hata hivyo, katika darasa kubwa watoto husoma kwa pamoja, wakiimba ba, be, bi, bo, bu kwa mdundo, na mdundo huo huwabeba hata wasiojua. Mtoto anaweza kumaliza ukurasa mzima wa kitabu chake bila kosa kwa sababu ameukariri kwa sikio. Mzazi hufurahi, na furaha hiyo ni ya mapema mno. Kipimo ni chepesi: funika picha kwa kiganja, kisha weka kidole kwenye neno la katikati ya mstari na umuulize ni neno gani. Akirudi mwanzo wa mstari na kuanza kuimba hadi alifikie, bado hajasoma. Au chukua silabi za maneno anayoyajua uzipange upya. Anayesoma kweli atalitamka neno “bato” hata kama halina maana, tena atacheka. Aliyekariri atasema “bata” bila kutazama.

Ukigundua kwamba mtoto amekariri, usimgombeze. Alifanya alichofundishwa na umati. Mrudishe kwenye silabi, lakini kwa maneno ya vitu vilivyo mbele yake: sato, mumi, sufuria, kibatari, jina la dada yake. Maandishi ya kusoma yapo mengi kuliko tunavyodhani. Kuna vibao vya daladala vinavyosema Igoma, Buhongwa, Nyakato. Kuna mfuko wa unga, karatasi ya dawa, gazeti lililofungiwa maandazi, tangazo la mkutano wa mtaa. Vitabu vya kiada vimewekwa na Taasisi ya Elimu Tanzania katika maktaba yake ya mtandaoni na husomwa bila malipo, kwa hiyo simu ileile inayolaumiwa kila siku inaweza kuwa kitabu kwa robo saa. Kwa walio karibu na katikati ya jiji, ipo pia maktaba ya mkoa.

Hapa huja swali ambalo wazazi wengi huliuliza kwa kuona haya: na mimi nisiyejua kusoma? Mama asiyejua kusoma anaweza kumsaidia mtoto kusoma, na pengine humsaidia vizuri kuliko yule anayejua akakosa subira. Amwambie mtoto amsomee kwa sauti, kisha kitabu kifungwe na mtoto asimulie alichosoma. Simulizi ikiwa haina kichwa wala miguu, mama ataitambua hata kama haoni herufi: “Ulisema sungura alikimbia, mbona sasa yuko nyumbani? Hebu rudi usome hapo.” Mtoto anarudi, anasoma tena, anagundua alilipitia neno moja bila kulitazama. Anayejua kusoma, kwa upande wake, ajizuie. Mtoto akikwama, mwache kwa muda wa pumzi tatu kabla ya kumpa neno, maana katika ukimya huo ndipo anapounganisha silabi. Tukimrukia na jibu kila mara, tunamfundisha kusubiri.

Katika nyumba nyingi za Wasukuma kuna jambo moja la kuangalia. Sauti za r na l hubadilishana katika mazungumzo bila mtu kujali, na hakuna ubaya wowote katika kuzungumza hivyo. Lakini mtoto huandika anavyosikia, na kwenye karatasi kalamu na karamu ni vitu viwili, kula na kura vilevile. Wala asikatazwe Kisukuma, Kikerewe au Kijita nyumbani eti kwa sababu kinamharibia shule. Vitendawili ni mfano mzuri. Bibi akitamka “Kalagu!” na wajukuu wakaitika “Kize!”, kinachofuata ni zoezi la kufikiri kwa mafumbo, kuchuja ishara na kutetea jibu, na stadi hizo hazina lugha moja. Baada ya kulipata jibu, mtoto akiambiwa akitunge upya kitendawili hichohicho kwa Kiswahili, atalazimika kutafuta maneno, na huko kutafuta ndiko kunakokuza insha zake. Kuhusu Kiingereza, kinachotumika kufundishia sekondari na katika shule za mchepuo wa Kiingereza, nitasema machache: mtoto aliyekwisha kuelewa kwa lugha ya nyumbani kwa nini mvuke hugeuka matone ya maji kwenye kifuniko cha sufuria anahitaji tu kuongezewa majina ya Kiingereza, asiyeelewa atakariri majina hayo na kubaki pale pale.

Turudi kwenye hesabu, maana Kanda ya Ziwa ina vipimo ambavyo kitabu cha shule hakivitaji. Sado ni kopo la lita nne na debe ni lita ishirini, kwa hiyo debe moja ni sado tano. Mtoto anayejua kwamba sado mbili ni mbili ya tano za debe ameshika sehemu kwa mikono yake kabla hajaziona zikiwa na mstari katikati. Kinachobaki ni mlango wa kutoka mezani kwenda kwenye karatasi, na njia ya kuufungua ni kuandika. Jioni ya Jumamosi mtoto afungue daftari la mauzo na aandike kila mauzo kama hesabu: 6,000 × 3 = 18,000; 20,000 − 18,000 = 2,000. Wiki inayofuata aziunganishe hatua mbili kuwa mstari mmoja, na hapo ndipo mabano yanapopata maana, kwa sababu yeye mwenyewe anajua kwamba bei ya sado tatu hujumlishwa kwanza kabla ya kutolewa kwenye noti. Baada ya hapo umgeuzie: mwandikie 15,000 − (3,500 × 4) na umwambie akuelezee ni biashara gani iliyofanyika. Kumtaka mtoto atunge hadithi kutokana na namba ni kugumu kuliko kumtaka atafute jibu, na kunaonyesha haraka kama ameelewa.

Kuna mtego mwingine mdogo katika namba zetu. Kiswahili ni chema kwa mtoto kutoka kumi na moja hadi kumi na tisa, kwa kuwa jina lenyewe linasema kuna kumi na kuna moja. Kisha ghafla tunaingia ishirini, thelathini, arobaini, majina yaliyotoka Kiarabu ambayo hayamwonyeshi mtoto zile kumi mbili au tatu zilizomo ndani. Lugha nyingi za wenyeji kando ya ziwa husema waziwazi “makumi mawili”. Bibi akihesabu mihogo kwa njia hiyo, mwache. Anafundisha nafasi ya makumi kuliko anavyojua. Mdako, mchezo wa kurusha kokoto moja na kuzoa nyingine kabla haijatua, humpa mtoto wa miaka sita mazoezi ya kugawa namba katika mafungu. Isolo, bao la Wasukuma, humtaka mkubwa kidogo ahesabu kete za shimo kabla hajazishika na kutabiri zitakapoishia. Wazazi wengine huona michezo hii kuwa kupoteza muda, wakaifukuza na kuleta karatasi ya majedwali. Majedwali yana nafasi yake, lakini si nafasi ya isolo.

Sayansi inahitaji ziwa lenyewe, kwa tahadhari. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza wakiwa na taa, zamani karabai na siku hizi nyingi zikiwa za betri na sola, kwa sababu dagaa hufuata mwanga. Mwezi unapokuwa mpevu mwanga wa taa hupoteza nguvu yake na wengi hupumzika. Mpe mtoto daftari moja na achore umbo la mwezi kila jioni anapouona, kisha kando yake aandike bei ya sado ya dagaa siku hiyo. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu, kwa hiyo baada ya miezi miwili atakuwa na kurasa za kutosha kuona mwenyewe kama bei inapanda na kushuka pamoja na mwezi, au kama kuna kitu kingine kinachoisukuma, kwa mfano mvua iliyozuia kuanika. Asipoona uhusiano wowote, hiyo nayo ni sayansi, na usimlazimishe auone. Tahadhari yenyewe ni kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na huingia kupitia ngozi, kwa hiyo hakuna shughuli ya kujifunza inayohalalisha mtoto kusimama kwenye maji ya kando yenye majani. Hilo pia lifundishwe kama somo: kwa nini konokono, kwa nini ngozi, kwa nini choo.

Hapa nitasimama kidogo kwenye jambo linalokwepwa. Kwa kuwa nimesifu meza ya dagaa, mtu asielewe kwamba kila kazi ni elimu. Mtoto anayeuza karanga stendi saa tatu usiku hajifunzi hesabu, anazoea uchovu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na hata ile kazi ya kusaidia nyumbani huwa somo pale tu mtu mzima anapoizungumza na mtoto, akamuuliza kwa nini, akamwachia afanye hesabu na akamruhusu akosee. Bila mazungumzo hayo, kuosha vyombo ni kuosha vyombo tu.

Usingizi una hesabu yake pia. Mtoto wa umri wa shule ya msingi anahitaji kati ya saa 9 na saa 12 za usingizi. Anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri ili awahi daladala anapaswa awe amelala saa mbili usiku apate angalau hizo tisa. Ratiba ya tuisheni hadi saa moja jioni, kisha chakula, kisha kazi za nyumbani, haina mahali pa kuziweka saa hizo isipokuwa darasani kesho yake, kichwa kikiwa juu ya dawati. Tuisheni humfaa mtoto aliyekosa kitu mahususi, kwa mfano aliyeumwa wakati wenzake wakijifunza sehemu, na humfaa kwa muda mfupi wenye mwisho. Ikiwa imekuwa desturi ya mwaka mzima kwa sababu majirani wote wanapeleka, mzazi aulize analipia nini.

Kuna ugunduzi mmoja kuhusu kumbukumbu unaoweza kuokoa jioni nyingi. Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885, kwa kujipima mwenyewe, kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza husahaulika mapema, na kwamba kurudia kwa nafasi hupunguza upotevu huo. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwalinganisha wanafunzi waliosoma maandishi tena na tena na wale waliofunga maandishi wakajaribu kuyakumbuka. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele. Wiki moja baadaye waliojaribu kukumbuka ndio waliokuwa mbele. Kwa hiyo mtoto anayepitisha macho kwenye daftari mara nne anajihisi anajua, na hisia hiyo inamdanganya. Daftari lifungwe, aulizwe. Lakini swali letu la kila siku, “Leo mmesoma nini?”, hujibiwa “Sayansi” na mazungumzo hufa hapo. Jaribu kumwambia akufundishe kitu kimoja ambacho hukukijua asubuhi, au kosa gani wenzake wengi walilifanya leo. Kisha, bila taarifa, umuulize jambo hilohilo siku tatu baadaye mkiwa njiani.

Mwaka 2023 serikali ilizuia shule kuwalaza bweni watoto wa awali hadi darasa la nne, na mzazi anayefurahia au kulalamikia uamuzi huo ajue maana yake: jioni za watoto hao ni zetu. Mabadiliko ya mitaala nayo yanahitaji kufuatiliwa, kwani mtaala ulioboreshwa ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza, darasa la tatu na kidato cha kwanza cha mkondo wa amali, yaani wa ufundi, kisha ukawa unapanda mwaka kwa mwaka, hivyo kitabu alichokitumia kaka huenda kisiwe cha mdogo wake. Mwulize mwalimu. Na ukienda shuleni, usiulize mtoto ni wa ngapi. Uliza anakwama wapi, na mwalimu anatumia njia gani kufundisha kugawa. Mtoto anayefundishwa kugawa kwa njia moja darasani na nyingine jikoni hubaki bila hata moja.

Ikiwa dakika kumi za kila jioni zimeendelea kwa miezi miwili na mtoto bado anapotea kwenye mstari, anasogeza kitabu karibu na pua, anakodoa kutazama ubao au anajibu swali tofauti na lililoulizwa, usiongeze mazoezi. Mpeleke apimwe macho na masikio, halafu umwambie mwalimu matokeo ili angalau abadilishiwe dawati, akae mbele.